Uhandisi Kupitia Chuo cha Jamii: Hesabu Miaka Mitatu, na Nyumbani Waambie Mapema

Ikikaribia Agosti, ndugu zetu wengi walioko Marekani huanza kuulizana swali moja. Niingie chuo cha jamii, hiki wanachokiita komyuniti koleji, nisome miaka miwili kwa bei nafuu, halafu nihamie chuo kikuu nikamalizie digrii ya uhandisi?

Jibu langu ni ndiyo, ingia. Lakini hiyo miaka miwili inayotangazwa si yako. Ni ya kijana wa miaka 18 anayelala kwa mama yake, aliyetoka sekondari juzi na hesabu bado iko moto kichwani, na hakuna anayemsubiri mwisho wa mwezi atume hela. Wewe unayebeba zege mchana au unayelea wazee usiku, panga mitatu. Na hiyo mitatu waambie nyumbani kabla hujajiandikisha somo la kwanza.

Nitatumia California kama mfano, kwa sababu taratibu zake za kuhamia chuo kikuu zimeandikwa wazi na kila mtu anaweza kuzisoma bure. Kama uko Texas, Washington, Virginia au Minnesota, majina ya karatasi yatabadilika, lakini namna ya kupanga ni ileile.

Unafuu wenyewe uko wapi

California ina vyuo vya jamii 116. Ada kwa mkazi wa jimbo ni dola 46 kwa kila yuniti. Mwaka mzima wa yuniti 30 ni dola 1,380. Linganisha na chuo kikuu cha mfumo wa California State, ambako ada ya mwaka ni zaidi ya dola 6,000, au University of California, ambako ni zaidi ya dola 13,000. Mwenye kipato kidogo anaweza kusamehewa hata hizo dola 46, kwa msaada unaoitwa California College Promise Grant.

Juu ya hapo kuna Pell Grant ya serikali kuu. Kwa mwaka wa masomo 2025–26 kiwango cha juu ni dola 7,395. Mwenye kadi ya kijani, akiwemo aliyeingia kwa bahati nasibu ya viza, anaweza kuomba. Mkimbizi aliyepokewa kisheria na aliyepewa hifadhi pia wanaweza. Unaomba kwa fomu ya FAFSA, ambayo ni bure. Anayekudai hela akujazie anakula jasho lako.

Hii hela si mkopo, ila ina masharti mawili ambayo watu huyajua wakiwa wamechelewa. La kwanza: maisha yako yote unapewa kiasi cha mihula 12 tu ya kusoma muda wote. Ukiimalizia kwenye masomo yasiyohesabiwa chuo kikuu, utafika huko mfuko mtupu. La pili: ukiacha masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, unaweza kudaiwa urudishe sehemu yake. Kwa hiyo kujiandikisha masomo manne "kwa kujaribu", halafu ovataimu ikapatikana ukayaacha yote, ni deni.

Na kingine: bei ya mkazi inataka uwe umeishi California zaidi ya mwaka mmoja kwa nia ya kukaa. Kama umehamia miezi minne iliyopita kutoka jimbo jingine, uliza ofisi ya usajili tarehe yako inatimia lini. Kusubiri muhula mmoja kunaweza kukuokolea maelfu ya dola.

Hesabu ni mnyororo, usiukate

Uhandisi hautofautiani na jengo. Huwezi kumwaga slabu ya juu wakati nguzo za chini hazijakauka. Kalkulasi ya kwanza inafungua ya pili, ya pili inafungua ya tatu, kisha inafuata aljebra mstari na milinganyo ya diferensha. Kalkulasi ya kwanza ndiyo inayofungua fizikia ya kwanza. Fizikia ya kwanza inafungua zinazofuata, na inafungua pia statiki, lile somo la nguvu kwenye vitu vilivyotulia: boriti, mzigo, nguzo. Fundi wa ujenzi analijua kwa mikono kabla hajaliona ubaoni.

Hesabu mwenyewe. Kalkulasi tatu ni mihula mitatu, na masomo mengine mawili ya hesabu huchukua mmoja au miwili. Ni mihula minne au mitano mfululizo, na hapo hujafeli wala kuruka hata mara moja. Mtu akikosa kiungo kimoja, vyote vinavyofuata vinasogea. Na kwenye chuo kidogo, somo kama statiki linaweza kutolewa mara moja tu kwa mwaka. Ukilikosa msimu huu, umepoteza mwaka, si muhula.

Ndiyo maana sikubaliani na ushauri unaotolewa sana mitaani: "Anza na masomo mepesi ya jumla, hesabu utakuja nayo baadaye." Kwa anayesomea biashara labda. Kwa mhandisi huo ni mtego. Ukimaliza historia, sanaa na saikolojia mwaka wa kwanza, mwaka wa pili utaanza kalkulasi ya kwanza ukiwa bado na miaka miwili au zaidi ya mnyororo mbele yako, na huna tena somo jepesi la kuchanganya nalo. Utabaki na hesabu, fizikia na kemia muhula mmoja, huku zamu zako ziko palepale. Masomo ya jumla yaweke kama kokoto: jaza nayo mapengo, hasa kiangazi.

Kama uliacha shule miaka minane iliyopita, usiogope, lakini usijidanganye. Sheria ya California ya mwaka 2022 imevisukuma vyuo viwaanzishe wanafunzi wengi wa sayansi na uhandisi moja kwa moja kwenye kalkulasi, mara nyingi pamoja na kipindi cha kusaidia. Hiyo inaokoa muda, ila inampiga asiyejiandaa. Vyuo vingi vina madarasa yasiyo na yuniti, na hayo hayalipiwi ada. Tumia miezi mitano kabla ya muhula kurudia aljebra na trigonometria, saa moja kila siku. Ukiingia kalkulasi huku sehemu na vipeo vinakusumbua, utalipia muhula mzima kwa kitu ambacho ungekifufua bure.

Anza na unakohamia, urudi nyuma

Watu wengi huchagua chuo cha jamii kwa sababu kiko karibu na kituo cha basi, wakachukua masomo, na mwaka wa pili ndipo wanauliza: "Haya yanakubalika wapi?" Geuza mpango. Chagua kwanza vyuo vikuu viwili au vitatu unavyovitaka na aina ya uhandisi: ujenzi, umeme, mitambo, kompyuta. Kisha fungua ASSIST, tovuti rasmi ya California inayoonyesha somo gani la chuo chako linahesabiwa kama somo gani la chuo kikuu fulani. Hailipiwi. Ukiona somo linalotakiwa halina mwenza kwenye chuo chako, jua mapema. Pengine linatolewa kwenye chuo jirani, dakika 20 kwa basi.

Chapisha orodha hizo tatu, uziweke mezani pamoja. Utaona masomo yanayojirudia kwenye zote: kalkulasi, fizikia, kemia, lugha moja ya programu za kompyuta. Hayo ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu hayapotei popote utakapokwenda. Yanayotakiwa na chuo kimoja tu yaache mwisho, utakapokuwa umeamua.

Kwa University of California, kiwango cha kuingilia mwaka wa tatu ni yuniti 60 za mihula, zikiwemo kozi mbili za uandishi wa Kiingereza. Wastani wa alama wa chini kwa mkazi ni 2.4, lakini usiutegemee. Uhandisi huchagua walio juu zaidi ya hapo. Kampasi sita za mfumo huo zina mkataba wa kuhakikishiwa nafasi, unaoitwa TAG: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Maombi yake ni Septemba, mwaka mmoja kabla ya kuhamia. Soma masharti ya kozi yako, kwa sababu si kila kampasi inaweka uhandisi wote ndani ya mkataba huo. Maombi ya kawaida hufanyika Oktoba na Novemba. Maana yake unaomba nafasi ukiwa bado unasoma masomo ya mwisho. Mpango usioonyesha Septemba na Oktoba ya mwaka wa tatu haujakamilika.

Halafu tuzungumze kuhusu jina la chuo. Najua raha ya kupiga simu nyumbani useme umepata Berkeley au Los Angeles. Lakini kuhamia mji mwingine ni kuacha kazi, kuacha chumba mnachochangia watu watatu, na kuanza kodi mpya mahali ghali. Sacramento State, San Diego State na San José State zina programu za uhandisi zilizoidhinishwa na ABET, chombo kinachotazama ubora wa digrii za uhandisi Marekani. Mwajiri na bodi za leseni huuliza kwanza kuhusu idhini hiyo. Kama unaishi Sacramento au San Diego, na watu wako na kazi yako viko huko, chuo kilicho mwisho wa njia ya basi lako kinaweza kuwa chuo bora kuliko vyote kwako.

Jina la kozi lisikudanganye

Hapa wengi wetu wanaumia, hasa nje ya California. Kuna kozi inayoitwa uhandisi, na kuna inayoitwa teknolojia ya uhandisi. Kwenye mabango zinafanana. Ya pili mara nyingi hutoa cheti cha Associate of Applied Science, kilichotengenezwa kukupeleka kazini moja kwa moja kama fundi sanifu. Ni kazi ya heshima na ina mshahara mzuri. Ila hesabu yake mara nyingi haifiki kalkulasi ya mhandisi, na yuniti zake nyingi hazihamii kwenye digrii ya uhandisi.

Sisemi usiichukue. Kuna mtu ambaye kwake ufundi umeme, mabomba au viyoyozi ndiyo njia sahihi: analipwa huku anafundishwa, na mafunzo yakiisha ana ufundi mkononi. Kama mdogo wako wa mwisho anaingia sekondari mwakani na ada haina mwingine wa kuilipa, hiyo njia itafakari kwa makini. Ninachokataa ni mtu kusoma miaka miwili akiamini anaelekea kuwa mhandisi, kumbe yuko barabara nyingine. Muulize mshauri wa chuo swali moja kabla ya kusaini: "Kozi hii inahamia chuo kikuu gani, na naomba nioneshe kwa maandishi." Jimbo la Washington, kwa mfano, lina cheti maalumu cha kuhamia kwa wanasayansi na wahandisi, Associate of Science–Transfer, mkondo wa pili. Virginia, Northern Virginia Community College ina mpango wa pamoja na George Mason unaoitwa ADVANCE. Karatasi zipo, tuzitake.

Saa zako na hela zako ni daftari moja

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Muda nao ni mali. Kanuni ya vyuo vya huku ni kwamba kila yuniti moja inataka saa moja darasani na saa mbili za kusoma nje, kila wiki. Yuniti 12, ambazo ndizo muda wote, ni saa 36. Ongeza kazi ya saa 40, unapata 76. Bado hujapanda basi, hujapika, hujalala. Hakuna mwili unaoweza hivyo mihula minne. Kinachotokea ni kwamba kalkulasi ya pili inaanguka, na mnyororo unakatika.

Chukua yuniti 10 kwa muhula: saa 30. Punguza kazi iwe saa 30. Ni 60 kwa wiki, nzito lakini inabebeka kwa mtu aliyezoea saiti. Mihula sita ya yuniti 10 ni 60, na viangazi viwili vya yuniti sita sita vinakufikisha 72, kiasi ambacho mhandisi huhitaji ili asiache somo la maandalizi nyuma. Hiyo ndiyo miaka mitatu. Na kwa kuwa Pell Grant inahesabiwa kulingana na mzigo wako, mihula sita ya namna hii inakula kama mitano ya muda wote, pamoja na kidogo cha kiangazi. Chuo kikuu unafika na akiba.

Sasa zile saa 10 ulizopunguza kazini ndizo zilizokuwa zinakwenda nyumbani. Tuzitazame bila kuogopa. Tuseme unatuma dola 300 kwa mwezi, na ukishuka zamu unaweza kutuma 200. Kwa miaka mitatu, nyumbani watakosa dola 3,600. Ni hela nyingi. Ni mabati, ni ada, ni dawa za bibi.

Weka sasa upande wa pili. Takwimu za wizara ya kazi ya Marekani za Mei 2023 zilionyesha mshahara wa kati wa wahudumu wa wazee na wagonjwa majumbani ukiwa karibu dola 33,500 kwa mwaka, na wa wahandisi wa ujenzi zaidi ya dola 95,000. Anayeanza hapati ya kati, kwa hiyo chukua nusu tu ya tofauti hiyo: dola 30,000 kwa mwaka. Kila muhula unaopotea kwa kufeli au kuacha somo unakusogeza nusu mwaka mbali na mshahara huo. Ni dola 15,000 kabla ya kodi. Dola 100 za kila mwezi ulizolazimisha kutuma kwa kufanya zamu ya pili zikikukatia mnyororo mara moja tu, zimekula zaidi ya mara nne ya kile ulichotuma kwa miaka yote mitatu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kupunguza unachotuma kwa kipindi kinachojulikana si kuwatupa wazazi. Kuwatupa ni kuahidi 300, ukatuma 300 miezi mitano, ukazima simu mwezi wa sita.

Namna ya kuwaambia

Usiseme "naanza chuo, mambo yatabana." Hiyo nyumbani wataisikia kama kisingizio. Taja tarehe na kiasi. "Baba, kuanzia Agosti nitatuma 200, si 300, kila tarehe tano, bila kukosa. Hivyo hadi nihamie chuo kikuu, miaka mitatu. Mkiugua kuna dola 500 nimeziweka pembeni, hizo si za kitu kingine." Mzee atanung'unika siku mbili. Lakini mzee aliyelima anajua maana ya kutokula mbegu.

Na hizo 500 ziweke kweli, kabla ya kuanza. Dharura ya nyumbani ndiyo inayotoa watu wengi darasani, kwa sababu huja wiki ya mtihani na haina bajeti. Ikiisha, ijaze tena kiangazi.

Kwa walio Ghuba wanaomsomesha mtu Marekani

Dada uliye Muscat, kaka uliye Doha, yote niliyosema hapo juu ni ya mkazi wa Marekani. Unayemtuma mwanao kwa viza ya mwanafunzi hesabu yake ni nyingine kabisa. Hapati Pell Grant. Analipa ada ya mgeni, ambayo ni mara kadhaa ya zile dola 46. Anatakiwa kusoma muda wote, kwa hiyo hawezi kupunguza mzigo kirahisi, na kazi anayoruhusiwa ni ya ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Usikubali wakala akuuzie ndoto kwa bei ya mkazi. Na mpango wake uwe na hela ya miaka minne yote, si ya kufika tu.

Kama unayemsaidia ni ndugu mwenye kadi ya kijani, una haki ya kumuuliza maswali matatu kila muhula: Uko kalkulasi ya ngapi? Orodha ya ASSIST imebaki masomo mangapi? Septemba ya kuomba ni ya mwaka gani? Akijibu bila kusita, hela yako iko mahali salama. Akikwepa, kaeni mzungumze kabla ya kutuma nyingine.

Kazi ya mwezi huu

Tafuta cheti chako cha zamani, iwe cha kidato cha nne au sita, KCSE au diploma ya serikali ya Kongo, na kama ni cha Kifaransa kipeleke kwa mtafsiri anayekubalika. Jaza FAFSA. Chapisha orodha tatu za masomo. Weka miadi na mshauri wa chuo anayeshughulika na uhandisi, si yeyote tu aliye dirishani. Chora mihula sita kwenye karatasi moja, hesabu juu, vingine chini, na kando ya kila muhula andika saa za kazi na kiasi utakachotuma nyumbani.

Karatasi hiyo ikikubali, jiandikishe. Ikikataa, usiongeze saa za usingizi ulizonazo kwenye hesabu ili ikubali. Ongeza muhula mmoja, uwaambie nyumbani, uanze.